Ngazi ya Mjomba Kaimu

Lusiana aliingia uani kwa Mwantumu na ndoo tupu, akaiweka chini, kuonyesha kwamba maji yatasubiri. Mwantumu alikuwa akimwogesha mwanawe kwenye karai. Lusiana akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba Kaimu amenunua reli.

"Reli gani?"

"Ya treni, mwenzangu, kwani kuna nyingine? Imelala pale mnadani, naye kaishikilia. Watu wameiona, na mataruma yake yote."

Mwantumu hakuwa mwepesi wa kuamini. Lakini huyo Kaimu alikuwa mjomba wa mumewe, Mohamedi, na katika ukoo ule mjomba akipotoka huulizwa wote, hata mke wa mpwa. Isitoshe, tangu wazungu wa mradi wa karanga waanze kufunga virago Nachingwea, mnada wa vitu vyao ulikuwa umewaharibu watu wazima. Bwana mmoja wa Ruponda alirudi kwake na sanduku zima la viatu vya mguu wa kushoto, na alikuwa akivivaa. Mwantumu akamvalisha mtoto, akambeba, akatoka.

Njiani alikuwa na mashaka mengine, makubwa kuliko reli. Mke wa Kaimu, Sikuzani, alikuwa amekwenda kwa kaka zake Nandagala, na hakwenda kusalimia. Paa la nyumba yao la nyasi lilivuja mahali pamoja tu, juu ya upande wake wa kitanda. Kila masika alilalamika, na kila masika Kaimu alijibu kwamba angeziba leo hii, ila hana ngazi. Mwaka huu Sikuzani alichoka kulala na sufuria tumboni. Akaacha neno kwamba Ijumaa atakuja kuangalia, na akilikuta lile tundu anachukua vyungu vyake na ndoa imekwisha. Ijumaa yenyewe ilikuwa kesho. Kaimu, ambaye hata uji ulimshinda kuchemsha, alikuwa amekonda kwa kutafuna mihogo mibichi.

Mnadani Mwantumu hakuona reli. Aliona ngazi kadhaa zimelazwa kwenye majani, na Mjomba Kaimu akizizunguka mikono nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Afadhali umekuja, mkwe wangu," alisema. "Nisaidie kuchagua."

Haikuchukua muda Mwantumu akagundua kitu. Mjomba hakuwa akitafuta ngazi nzuri. Alikuwa akitafuta kasoro. Ile ya mianzi aliibonyeza kwa kidole, akatega sikio, akasema inalia. Ile ya mninga vipago vyake vya kukanyagia viko mbalimbali mno, labda walimchongea twiga. Ikabaki moja ya mbao nyepesi, yenye kamba na ndoano za chuma, ndiyo hiyo iliyogeuzwa reli na macho ya watu. Kaimu aliipima kwa jicho toka chini hadi juu, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Nzuri sana, alisema, ila fupi. Haimfikishi.

Dastani, karani wa mnada, hakubishana naye. Aliisimamisha kwenye ukuta wa bohari, akavuta kamba. Toka ndani ya ngazi ikachomoza ngazi nyingine. Ikapanda, ikapanda, ikapita paa la bohari. Watu wakarudi nyuma, na bibi mmoja akasema taratibu kwamba ngazi imejifungua.

"Hii ina mtoto, mzee," alisema Dastani.

Uso wa Kaimu ulibadilika kama aliyeitwa bomani. Alifikiri kidogo. "Basi nitamchukua mama," alisema. "Mtoto bakini naye, mtamlea."

"Hawatenganishwi. Huyu bado ananyonya."

Watu walicheka mpaka mtoto wa Mwantumu akaamka. Yeye mwenyewe aliuma upindo wa kanga, maana mjomba wa mume hachekwi mbele ya watu. Kaimu akatazama huku na huku, akakosa kasoro nyingine, akalipa.

Mohamedi aliitwa kuja kuibeba na mjomba wake. Kila kona mbele kulipita salama, nyuma kukagonga. Uzio wa watu ukaenda chini, na kuku wakahama njia nzima. Waliosikia habari ya reli waliuliza stesheni itakuwa wapi. Waliosikia habari ya mtoto walimpa Kaimu hongera, wakauliza ni wa kike au wa kiume.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, Sikuzani alifika. Alisalimia vizuri, akageuza kinu, akakikalia akilielekea paa.

Kaimu akaegemeza ngazi na kuvuta kamba yote, kama alivyoona kwa Dastani. Mtoto akatoka, akalipita paa na kuelekea mawinguni. Sikuzani akauliza kama siku hizi mbingu ndiyo inayovuja. Mwantumu akamnong'oneza mjomba kwamba mtoto arudi ndani, mama peke yake anatosha. Mtoto akarudishwa, ngazi ikakaa sawasawa ukingoni mwa nyasi.

Kaimu akaweka mzigo wa nyasi begani, akapanda kipago cha kwanza. Akashuka kukikagua. Akapanda tena, akashuka kunywa maji. Majirani walikuwa wamejaa uani, Lusiana mbele, na ndoo yake bado tupu. Mohamedi alipovua shati ili apande yeye, Sikuzani alisema bila kugeuka:

"Mwache. Ningetaka fundi ningeolewa na fundi. Mimi namtaka huyu apande, au nibebe vyungu vyangu."

Mwantumu akasogea, akachuchumaa kuishika ngazi isiteleze, mwanawe amelala mgongoni. Kaimu alikuwa juu ya kipago cha kwanza, amekumbatia mbao, amefumba macho, na magoti yake yalikuwa karibu na uso wa Mwantumu kiasi kwamba aliyaona yakigongana. Hapo akaelewa zile masika zote za kukosa ngazi. Hamu ya kucheka ikamtoka.

"Mjomba," alimwita polepole, "nikusaidieje?"

Kaimu akainama alivyoweza, bila kuachia mbao.

"Nisitiri, mkwe wangu. Mlaze mtoto mkekani, unipe hiyo mbeleko. Nifunge nayo kiunoni, hapa kwenye ngazi. Nikipanda kimoja, fungua, unifunge cha juu yake. Mke wangu akiuliza, mwambie ni mkanda wa kazi. Na unifunge kama unavyomfunga huyo. Sijamwona akidondoka hata siku moja."