Ua la Shaba Kwenye Beseni la Mama

"Ingénieur, sababu gani iyi maua inakatala bulongo bwa muzuri?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini. Aliyeniuliza alikuwa mzee Mwepu, ambaye kwa heshima tulimwita Tata, Shefu wa Pepinyeri, yaani mkuu wa kitalu cha miche cha kampuni moja ya migodi nje kidogo ya Kolwezi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Lubumbashi miezi mitatu kabla, buti zangu bado zinang'aa, na siamini kitu mpaka nionyeshwe. Nilimjibu kwamba hakuna mmea unaokataa udongo mzuri.

"Njo vile banafundisha kule?" akasema, akichukua ndoo yake. "Basi tutaona."

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, ambao mnaniita mama mzee ingawa sijafika hata miaka arobaini. Ua lenyewe hamlijui, maana hata Kolwezi wanaolijua ni wachache. Ni jamaa wa kivumbasi, halifiki goti, na jina lake la Kilatini ni refu kuliko shina lake. Sisi tuliliita ua la shaba. Huota na mvua za kwanza, huchanua rangi ya buluu mvua zinapokwisha, huangusha mbegu ndogo kama vumbi la tumbaku, kisha hufa kiangazi. Kila mwaka huanza upya kutoka kwenye mbegu. Likikosa mwaka mmoja, limekwenda. Huota kwenye vile vilima vyenye upara, ambako shaba ni nyingi hata miti imeshindwa. Watafuta madini wa zamani walilifuata: palipo na buluu, walichimba.

Kilima chetu, upande wa kuelekea Mutoshi, kilikuwa kimekwisha kupangiwa mashine. Kazi yetu ilikuwa kuchuma mbegu kabla mashine hazijapanda huko, kuotesha miche, na kuitunza mpaka itafutiwe mahali pengine. Mbegu zote za kilima kile zilijaa kopo moja la maziwa ya unga, na kopo lilikaa mezani kwangu.

Tata Mwepu alinifundisha kupanda. Mbegu hazifukiwi, hukandamizwa kwa ubao tu, kwa sababu zinataka mwanga. Maji hayamwagwi juu. Trei huwekwa ndani ya maji kidogo, udongo ukanywa wenyewe kutoka chini. Hayo yote niliyakubali. Halafu akatoa mfukoni jiwe la kijani lenye shaba, malakiti, akalikwangua kwa tupa, na unga wake akaunyunyiza juu ya trei kama mtu anayetia chumvi.

"Tata, hiyo nini?"

"Chakula yake."

"Shaba ni sumu kwa mizizi, Tata."

"Kwa muhindi ya mu shamba yako, ndiyo. Kwa huyu, wapi!"

"Nani alithibitisha?"

"Hakuna mutu. Mi naona tu, anaota."

Niliandika jambo hilo kwenye ripoti ya wiki. Mkuu wa Idara ya Mazingira, mtu aliyependa karatasi safi, akamwita ofisini mbele yangu. "Tata Mwepu, hapa tunafanya sayansi. Dawa za mababu zibaki nyumbani."

Tata alivua kofia. "Ndiyo, Shefu." Jiwe likarudi mfukoni. Siku ile nilitoka ofisini nimefurahi, na sioni sababu ya kuwaficha.

Nikapanda kopo zima. Miche ikaota vizuri. Wiki ya tatu, shina la mmoja likawa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo, mche ukalala. Kesho yake ilikuwa trei nzima. Wafaransa husema miche imeyeyuka, na kweli ndivyo ilivyoonekana. Nikabadilisha udongo, nikaleta mweusi wenye samadi. Ikafa haraka zaidi. Nikaihamishia kivulini, ikafa. Tata alikuja kila asubuhi, akaondoa trei tupu, akaziosha, akazipanga. Hakusema hata mara moja kwamba aliniambia. Ningependa angesema.

Mashine zilipanda kilima kabla ya Pasaka. Wakati huo sikuwa na mche hata mmoja, na kopo lilikuwa tupu.

Tata Mwepu alistaafu msimu uleule. Tulimchinjia mbuzi, Mkuu akasoma hotuba, watu wakacheza. Nilikaa nyuma. Akanifuata na chupa yake ya soda, akanitia mkononi kisanduku cha kiberiti. Ndani mlikuwa na vumbi lile la tumbaku.

"Nilitosha kidogo mu kopo mbele ya kupanda," akasema; alikuwa amezitoa kabla sijazipanda zile zingine. "Muzee hapandi mbegu yote siku moja."

"Kwa nini unanipa mimi, Tata? Mimi ndiye niliyeziua zingine."

"Juu we njo unauliza sana. Mutu wa kuuliza hasahau." Akanipa na lile jiwe.

Mama yangu ana bustani nyuma ya nyumba: nyanya, mchicha tunaouita lengalenga, udongo mweusi wenye mavi ya kuku. Mvua zilipoanza nikatoboa mabeseni yake mawili ya zamani, nikayajaza udongo uleule.

"Miaka tano université," mama akamwambia jirani kupitia juu ya ukuta, "na sasa anakwangua majiwe mu beseni yangu! Weka mbali na lengalenga, tutakula nini?"

Bado sikuamini, kwa hiyo beseni moja lilipata unga wa kijani, jingine halikupata. Nilipanda nusu ya mbegu tu. Wiki ya tatu nilikuwa naamka kwenda kuchungulia kabla ya kupiga mswaki. Beseni lisilo na unga likalala lote. Lile jingine likasimama.

Aliyelilinda na kuku ni mama. Alilizungushia chandarua, akisema analinda beseni lake. Mwezi wa nne likachanua. Tata Mwepu alikuja kwa pikipiki, akainama kwa shida, akalitazama muda mrefu.

"Bonjour, mama," akaliambia ua.

Mama yangu akacheka. Mimi sikuweza.

Nilikaa kazini miaka saba: kitalu, kisha ofisi ya Tenke, kisha kitalu tena nikiwa shefu mwenyewe. Nimeacha sasa. Kila msimu nagawa mbegu kwa visanduku vya kiberiti, na yeyote anayepokea huahidi kubakiza nusu. Ripoti niliyoandika juu ya Tata sikuweza kuifuta. Ninayo nakala yake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwake. "Tata, nimepata jibu la swali lako la siku ya kwanza."

"Swali gani?" Alikuwa amesahau.

Nikamweleza. Kila msimu nilikuwa namnyunyizia mama nyanya zake dawa ya buluu ya kuzuia ukungu, na ile buluu ni shaba. Vidole vyangu vilikuwa na rangi hiyo siku niliyoandika ripoti. Udongo mzuri umejaa ukungu, ndio uliolaza miche yangu, na ua hili halina kinga yoyote dhidi yake. Halikuwahi kula shaba. Shaba huua ukungu, na ua huota mahali ukungu hauwezi kufika.