Mama alisema banapiga masasi mu salon

Saa tisa ya muchana nilitoka kufundisha ku masomo, nikakuta mama yangu amelala chini ya meza ya salon, kwenye tunapokeaka bageni.

Hapana kuanguka. Alijificha.

Mikono mbili juu ya kichwa, kitambala imetoka, mudomo inatetemeka.

«Phinées, lala chini! Banapiga masasi humu ndani!»

Nikasimama. Nikasikiliza. Inje mapikipiki ilikuwa inapita, jirani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Basi.

«Mama, masasi hakuna. Bunduki haiko.»

«Iko. Mu nyumba hii.»

Bandugu, tunaishi Beni, vita iko karibu. Neno kama ile hatuichekaki. Mama yangu, Emérence, alikimbia kijiji yetu, iko miaka tatu sasa, na nguo moja tu ku mwili. Ni yeye alisikia masasi mbele ya batu bote, akaamusha nyumba tano, bakaponea mu mashamba.

Mais ile siku nilisema mu roho: bon, kichwa ya mama imechoka.

Niko mwalimu wa biologie. Ile wiki akili yangu yote ilikuwa ku aquarium, kioo kubwa ya maji ya chumvi yenye nilikuwa natayarisha mu salon. Nilitaka banafunzi yangu baone bahari, juu kwetu hapa bahari iko mbali sana. Binamu yangu Zacharie alinitumia mawe ya bahari yenye alinunua Kampala, imefungwa mu magazeti ya kulowana. Ni mawe yenye uzima: ndani yake munaishi tududu tudogo sana twenye kusafisha maji mupya. Bila ile, samaki anakufa na sumu ya uchafu yake mwenyewe.

Shida ni kwamba njiani bidudu bingi bilikufia mule mu mawe. Maji ikaanza kunuka kama yai ya kuoza. Kila nikipima na dawa ya matone, rangi inatoka kijani nzito. Ammoniaque, ile sumu! Donc kila mangaribi nilikuwa nabadilisha maji, mikono mu kioo mpaka ku kiwiko, mama anaongea nyuma yangu, na mimi: «Ee, mama. Ee.»

Siku ya pili, tena masasi. Siku ya tatu akakatala kuingia mu salon. Akakaa ku jikoni, bintu yake imefungwa mu kitenge, viatu mu miguu, tayari kukimbia. Chakula hagusi.

Muke wangu Joyeuse, mwenye kuuzisha ku soko muchana yote, akaniuliza:

«Bwana yangu, ulishakaa naye mule mu salon, hata kidogo tu?»

«Nikae mule nisikie nini?»

Nikamupigia dada yangu Gracieuse, kule Butembo.

«Kesho namuleta mama. Umutafutie munganga wa kichwa. Anaanza kuharibika.»

Nyuma ya pazia, mutu akakohoa. Mama alikuwa pale.

«Mwana wangu,» akasema pole pole, «haya masikio ilitoa batu mu kifo. Leo imekuwa ya wazimu?»

Nikajifanya naangalia telefone.

Asubui, taximan akasema anafika nusu saa. Mama alisimama ku mulango, hataki kuniangalia. Courant ya umeme ikakatika, pompe ya maji ikanyamaza. Nikainama ku kioo kupima maji mara ya mwisho.

TA!

Sijui nilifika chini namna gani. Tube ya kupimia ilinipasukia mu mukono, damu inatoka, tumbo ku simenti, mwalimu muzima naita Mungu, «Nyamuhanga!», kama mutoto.

TA! Tena.

Nikanyanyua macho. Mama alikuwa juu yangu, amesimama wima, hatetemeki.

«Umeisikia?»

«Nimeisikia, mama.»

Akavuta pumuzi ndefu. Kisha akakaa chini, karibu yangu, akaanza kulia. Siku zote tatu hakulia hata mara moja.

Nikawasha taa ya telefone, nikamulika mawe, tundu moja moja. Mu jiwe kubwa, kumbe! Muko crevette, kamba wa bahari, urefu ya kidole. Mukono moja mudogo, ingine kubwa kupita kichwa yake, kama koleo. Ikafunga ile kubwa na nguvu.

TA!

Ilisafiri mule mu jiwe toka bahari mpaka kwetu. Nikitia mikono mu maji, inajificha. Mama akibaki peke yake, nyumba kimya, ndipo inapiga. Na mimi nilishaisomaka mu kitabu, crevette yenye kupiga kama bunduki!

Telefone ikalia. Gracieuse.

«Muko wapi? Munganga anangojea mugonjwa.»

Mama akaninyanganya telefone, akapangusa macho.

«Mugonjwa ni kaka yako. Masikio ilikuwa imeziba. Imefunguka asubui hii.»

Taximan nilimurudisha. Nikapiga magoti mbele ya mama, Joyeuse anaangalia, nikaomba musamaha. Mama alisema neno moja tu: «Ile kitu itoke.» Jiwe na crevette yake nikabeba mu ndoo, nikapeleka ku masomo.

Bandugu wenye munasoma, mutu mwenye aliona vita akikuambia anasikia kitu, usikimbilie kumutafutia munganga. Kwanza kaa pale anakaa, saa ile ile, ufunge kinywa, usikilize.

Mama aliisha kunisamehe.

Mimi mwenyewe, bado.