Laini Moja Niliyokataa Kuijaribu

Nakumbuka asubuhi moja chuoni Komarock, mwanangu, nilipobisha mpaka jasho likanitoka. Mwende, rafiki yangu niliyeketi naye benchi moja, alikuwa amesema kwamba katika lugha ya programu tuliyofundishwa, arei nayo ni objekti. Arei, kama hujui, ni vitu vilivyopangwa kwa namba ndani ya programu; objekti ni kitu kinachoundwa kwa kufuata klasi, yaani ramani yake. Nikacheka darasa zima lisikie.

“Wee Mwende, nani aliandika klasi yake? Hizo ni namba tu zimepangwa.”

“Si tuijaribu tu? Ni laini moja ya programu,” akajibu.

Nikakataa. Sikuwa na hakika yoyote. Niliogopa tu kuumbuka mbele ya watu. Mwende akachukua mkoba wake akahamia benchi la nyuma. Iliniuma sana, lakini nikajitia hamnazo.

Mwezi huo nilikuwa nikitengenezea zahanati ya jirani programu ya foleni. Daktari aliomba pia orodha ya wagonjwa kwa umri, wazee kwanza. Nikaipa arei ya foleni jina la pili nikidhani nimepata nakala, kama ambavyo ningepata kwa namba ya kawaida. Nikaipanga hiyo “nakala” kwa umri. Kumbe objekti ukiipa jina jingine inabaki ile ile, yenye majina mawili! Foleni yenyewe ikavurugika. Mama mmoja aliyefika wa kwanza, na mtoto mwenye homa mgongoni, akajikuta wa mwisho. Akaja kuniuliza kwa upole amekosa nini.

Namshukuru nesi, alimwita mtoto papo hapo akatibiwa, na homa ikashuka. Lakini macho ya yule mama nayaona mpaka leo.

Kesho yake nikamwomba Mwende msamaha mbele ya darasa lile lile.

“Haya, sogea basi,” akasema. Akaketi, akaandika ile laini moja. Kompyuta ikajibu kwamba arei ni objekti. Haikuchukua hata dakika.

Kwa hiyo, mwanangu, jambo linaloweza kujaribiwa lijaribu kabla sauti hazijapanda. Na anayekwambia “tujaribu” usimcheke, maana hakutakii aibu. Mungu akuzidishie marafiki wanaokubali kurudi benchi lako hata baada ya wewe kuwacheka. Mimi alinipa. Mwende anakuja hapa Fedha kunywa chai kila Jumamosi, na tunabishana bado, ila siku hizi kompyuta naiwasha kabla hajabisha hodi.