Mwenye Jina la Pili

Kwa miezi mitatu nilikuwa karani wa mahakama ambayo haikuwapo bado. Majaji wake walikuwa Ulaya, na mimi nilikuwa Kakiika, pembeni ya mji wa Mbarara nchini Uganda, katika chumba kilichotazama malisho ya ng'ombe wa pembe ndefu, nikiwaandalia makaratasi.

Nieleze vizuri, maana hata dada yangu hakunielewa upesi. Mtu akivumbua kitu Ulaya hupewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikiige. Zamani ugomvi wa hataza uliamuliwa nchi moja moja. Sasa nchi kadhaa zilikuwa zimeungana kufungua mahakama moja: ukishindwa humo, umeshindwa kote kwa siku moja. Baadhi ya wenye hataza za zamani waliogopa, nao waliruhusiwa kuomba wabaki nje yake. Ofisi moja ya mawakili wa huko iliipa ofisi yetu ndogo ya Kakiika kazi ya kuandaa maombi hayo kabla milango haijafunguliwa. Nilichukuliwa kwa sababu ya Kifaransa changu, na kwa sababu nyumbani Kongo, Kivu Kusini, nilikuwa karani wa mahakama kabla ya kukimbia.

Mkuu wetu, mama wa Kinyankole asiyependa mchezo kazini, alitufanyisha mazoezi kila Jumanne. Kwenye kompyuta kulikuwa na mahakama ya majaribio. Tulichomeka kadi ya kutia sahihi, tukaingiza ombi la uongo, tukangoja. Ukutani alibandika karatasi: nani atabonyeza, nani atasoma namba kwa sauti, nani atakimbilia jenereta umeme ukikatika. Mimi nilikuwa wa kusoma namba. Mchana, tumbo likiwa limejaa matoke, namba zile zilinipeleka mbali. Niliona ukumbi mweupe wenye viti ambavyo havijakaliwa na mtu, na mimi napita na kitambaa, nafuta meza moja baada ya nyingine, taratibu, hakuna anayeniita. Kule kwetu meza ya hakimu ilikuwa na mguu uliofungwa kamba. Katika ukumbi wangu wa ndoto hakukuwa na mguu mbovu hata mmoja. Niliupenda ukumbi ule kuliko ulivyostahili.

Kila Alhamisi nilirudi Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi tuliyoishi. Ukishapita Kabingo ziwa linaonekana, linapotea nyuma ya vilima, kisha linaonekana tena kana kwamba limesogezwa. Dada yangu alikuwa ananingoja na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, jikoni. Yeye ndiye yaya wangu, yaani dada mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Siku tuliyofika kambini nilikuwa nimelala kwenye mkeka, malaria imenishika, hivyo yeye ndiye aliyesimama mbele ya karani akataja majina: lake la kwanza, kama kichwa cha familia, langu la pili. Tangu hapo kadi yetu ilikuwa moja na kidole cha kutia alama kilikuwa chake. Sabuni, unga, turubai, vyote aliwekea kidole yeye, na mimi nilisimama nyuma yake nikiota mambo yangu. Sikuwahi kulalamika. Asiyekuwapo na lake halipo, na mimi nilizoea kutokuwapo.

Alhamisi moja, mvua ikinyesha, aliniwekea sahani akasema, "Mudogo wangu, tutarudia kwetu. Nimeshatuandikisha. Balisema malori itakuja mvua ikiisha."

"Umetuandikisha? Na mimi?"

"Si uko kwa kadi yangu? Ile fasi ya mama kule kwetu imeota majani mingi. Nani ataipalilia?"

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kesho ni Ijumaa. Nilikula. Mimi kwetu sikutaka kurudi; nilichokiona siku ya kukimbia kinanitosha mpaka nizeeke. Lakini sikujua nianzie wapi kusema hapana. Nilinawa mikono nikalala.

Wiki iliyofuata, Kakiika, nilikutana na faili la hataza ya kifaa kidogo cha mashine ya kukamulia maziwa. Kiliandikishwa kwa majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, waliokibuni pamoja. Mwanamume alikuwa ametia sahihi kwamba wabaki nje ya mahakama mpya. Nikaliweka faili kwenye fungu la yaliyo tayari.

Mkuu alilichomoa. "Nyabo," aliniita, kama wanavyoitwa wanawake wa huko, "huyu wa pili uliuliza yeye?"

"Wa kwanza ameshaweka sahihi, mama. Yeye njo kichwa ya familia."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Banange! Hii kitu si kadi ya posho!" Kisha uso ukamgeuka. Alinieleza kwamba wenye hataza wote lazima wakubali. Mmoja akikosekana ombi si kitu, na mahakama ikifunguliwa watu wale watadhani wako nje kumbe wamo ndani. "Uliza yeye. Yeye pia ni mutu."

Nikaandika barua pepe. Jibu la yule mwanamke lilifika baada ya siku mbili, fupi: hataki kubaki nje, mahakama hiyo yeye alikuwa akiingoja kwa hamu, na anashukuru kuulizwa. Tukaliondoa faili kwenye orodha. Niliisoma barua ile mara tatu. Kusema kweli nilimwonea wivu, mwanamke ambaye sitamwona maisha yangu yote, na sikumwonea wivu kwa ajili ya hataza.

Alhamisi hiyo sikungoja chakula kiive. "Yaya, mimi sirudie."

Aliendelea kukoroga sufuria. "Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Na mimi?" alisema, bado ananipa mgongo. "Nani aliniuliza kama nilitaka kuwa kichwa? Ulikuwa umelala kwa mkeka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nilitamani kumkumbatia, na nilitamani pia kumgombeza, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili.

Siku ya kuhakikiwa tulipanga foleni pamoja mbele ya hema. Karani aliitazama kadi yetu, akatutazama sisi. "Kila mutu mukubwa atasema yeye mwenyewe. Wewe, unarudi?"

"Ninarudia," dada yangu akasema.

"Na wewe?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu njia nzima, kama tulivyofanya kila Jumanne. Hata hivyo sauti ilitoka ndogo. "Mimi ninabaki."

Dada yangu hakunitazama. Aliweka kidole, safari hii kwa ajili yake peke yake, akakipangusa wino kwenye kitenge changu kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Lori liliondoka naye mwishoni mwa mvua. Siku chache baadaye mahakama ikafunguliwa. Umeme haukukatika, jenereta halikuguswa, hakuna aliyekimbia, na mkuu akatununulia soda. Nilitafuta ule ukumbi wangu mweupe kichwani nikakuta viti vimekaliwa na watu nisiowajua.

Kadi mpya nilipewa mwezi huohuo. Jina langu ndilo la kwanza, na chini yake imeandikwa idadi ya watu katika familia: mmoja. Niliitia mfukoni nikaenda kupanga foleni ya sabuni. Karani wa foleni aliliita jina langu, akaliita tena kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama tu, nikingoja dada yangu atoke mbele aweke kidole.