Shangazi Haguswi Kabla ya Jua

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo, kulikuwa na mtu ambaye haikuruhusiwa kumgusa mpaka jua liingie ndani. Mtu huyo alikuwa Shangazi Tausi, mdogo wake baba, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja. Kila asubuhi niliteremka kwa kupitia miguuni, nimebana pumzi, nisije nikamgusa hata kwa upindo wa gauni. Yeye alikuwa macho muda wote huo, ananitazama. Siku nyingine alinikonyeza.

Shangazi alikuwa ameolewa Sikonge, kwenye familia ya wakulima wa tumbaku, akarudishwa kwetu kwa sababu asubuhi alikuwa haamki. Ndivyo walivyosema: haamki. Ukweli ni kwamba aliamka kabla ya jogoo, ila mwili ulikuwa umekaza. Vidole havikunji, viwiko havinyooki, magoti hayataki kusikia. Mke asiyeweza kushika mchi wala ndoo alfajiri, kisha ikifika adhuhuri yuko barazani anasuka nywele za wenzake huku anacheka, huyo kwa wakwe ana jina moja tu: mvivu. Mumewe, Kasimu, hakuwahi kumwita hivyo. Lakini wazee wa ukoo wake walikwisha sema. Mkeo apone, arudi afanye kazi kama wanawake wengine, la sivyo umwandikie talaka yake.

Bibi, mama yao baba na Shangazi, hakukubali kwamba alizaa mvivu. Na hapo, nikisema kweli, aliwatangulia wote. Alimtazama binti yake asubuhi, akamtazama mchana, akaona jambo ambalo wengine walilitumia kumcheka tu: huyu anachoka kwa kulala. Analala usiku kucha, anaamka hoi. Akijikokota na kazi, anapata nafuu. Kwa Bibi hilo lilikuwa na maana moja, maana ya zamani kuliko nyumba yetu.

"Analimishwa," alisema.

Kwa asiyejua, huku kwetu husemwa kwamba mchawi anaweza kumchukua mtu usingizini, akampeleka shambani kwake, akamlimisha mpaka karibu na alfajiri, kisha akamrudisha kitandani bila mwenyewe kujua. Asubuhi mtu anabaki na maumivu ya jembe asilokumbuka kulishika. Na swali la shamba la nani halikuchukua muda kupata jibu. Mama mkwe wa Shangazi, Mama Kasimu, alikuwa mjane mwenye mikono michache ya kumsaidia na tumbaku iliyostawi kuliko ya majirani wenye vijana tele.

"Ile inalimwa na nani?" Bibi aliuliza. Na aliuliza barazani, mbele ya watu.

Nilijaribu kuwa shahidi. Nilimwambia Bibi kwamba Shangazi hatoki usiku, kwamba hata kugeuka hageuki.

"Ndiyo maana hageuki," alisema. "Hilo unalolala nalo ni gogo. Wanaliacha pale ili ninyi mdanganyike."

Mtoto ukiambiwa unalala na gogo hulali. Nilinyoosha kidole gizani nikamgusa kiwiko. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Nikafikiri: gogo halina homa. Sikumwambia mtu hoja hiyo, nayo mpaka leo ninaiona nzuri kuliko nyingi nilizozitoa chuo kikuu.

Msidhani Bibi alikuwa mtu wa maneno matupu. Alichunguza. Jioni alichekecha majivu kizingitini, asubuhi akainama kutafuta nyayo. Zilikuwapo za paka tu. "Wanapitia juu," alisema, bila kusita. Jua likishaingia, alimfunua Shangazi miguu akakagua nyayo kama zina udongo, akamnusa viganja kama vina tumbaku. Vilinukia mafuta ya nazi ya nywele za watu. Halafu alimshika viganja, vimevimba, vyekundu, vinachoma, akatuonyesha sote. "Huu ni mkono wa mtu aliyelala?" Na hapana, haukuwa. Katika yote aliyoyasema Bibi, hilo lilikuwa kweli tupu.

Katazo la jua lilitokana na hayo. Bibi alisema mtu anayelimishwa hurudi mwili kwanza, kivuli chake kinafuata nyuma, kimechoka, na hakifiki mpaka jua liingie nyumbani. Ukimgusa kabla, ukimsogeza, ukimvusha kizingiti, kivuli kinakuta mwenyewe hayupo. Kinageuza, kinabaki shambani kwa mchawi daima.

Na jua nyumbani kwetu lilichelewa, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na ukuta wa jirani. Kwa hiyo kila baba alipompeleka Shangazi hospitali, na alimpeleka mara kadhaa, waliondoka kumekucha sana, wakapanga foleni, wakaingia kwa daktari adhuhuri. Adhuhuri Shangazi alikuwa mtu mwingine. "Kunja vidole. Kunjua. Mbona viko sawa?" Mara moja alipewa dawa ya malaria, mara nyingine vidonge vya maumivu. Mara ya mwisho alipewa ushauri: ajishughulishe, asijidekeze. Baba alirudi nao nyumbani kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake.

Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Bibi alimwona katika saa yenyewe, lakini kichwani mwake kulikuwa na shamba la tumbaku. Daktari alikuwa na elimu, lakini tulimpelekea mgonjwa saa ambayo ugonjwa umekwenda kupumzika. Na sisi wenyewe, kwa katazo letu, ndio tuliouficha.

Jioni moja Kasimu alikuja kutoka Sikonge na dumu la asali. Alikuwa mwembamba, mwenye aibu, mtu wa kusema kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi alimjibu bila kulitazama dumu. "Na tumbaku yenu, haijambo?"

Kasimu aliweka dumu chini. "Haijambo, mama. Ila mwenye nyumba yake ndiye tunayemkosa."

"Mbona mnaye kila usiku?"

Baba alikohoa, akamvuta shemeji yake pembeni, akamweleza habari za hospitali: madaktari wanasema hana kitu. Kasimu alichokonoa magamba ya ukuta.

"Wanamwona saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita, saa saba hivi."

"Saa hizo hata mimi namwonaga mzima, shemeji."

 Alikwenda kulala kwa jirani, maana Bibi hakumpa mkeka.

Kesho yake alirudi mapema, kweupe lakini jua bado, anasukuma baiskeli ya kuazima. Bibi alikuwa tayari mlangoni, mikono kiunoni, nyuma yake majivu hayajaguswa.

"Unakwenda wapi, Kasimu?"

"Nampeleka hospitali, mama. Hivi alivyo."

"Jua halijaingia."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Ukimvusha hapa, kivuli chake kinabaki kwa mama yako. Utakuwa umebeba ganda la mtu. Mimi nikuzalie binti, wewe unibebee ganda?"

Baba alitazama chini. Mimi nilikuwa nimejibana kwenye kona ya chumba, kwa hiyo nilimwona Shangazi akigeuza kichwa. Shingo tu ndiyo iliyomtii.

"Mama," alisema, "na kikibaki huko, si ndiko kwangu? Nitakikuta. Kasimu, njoo unibebe."

Alipomwinua, Shangazi alipiga ukelele hata paka akakimbia. Bibi alisogea. Sikuwahi kumwona Bibi akimpisha mtu, na hata leo sijui kama alimpisha Kasimu au ule ukelele. Kasimu alipita juu ya majivu, na hizo ndizo nyayo za kwanza za binadamu kuonekana pale: kiatu kikubwa cha mwanamume, kinatoka nje.

"We Zuhura, usisimame kama mlingoti," baba aliniambia. "Kamshike nyuma."

Shangazi hakuweza kushika chochote, kwa hiyo tulimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Kasimu anasukuma, mimi nimemkumbatia mgongo ili asianguke. Watu waliokuwa wakifungua maduka walitutazama. Mmoja akauliza kama ni uchungu wa mimba. "Ni uchungu wa tumbaku!" Shangazi alimjibu, akacheka, kisha akalia kwa sababu kucheka kulimtikisa.

Daktari tuliyemkuta alikuwa anamalizia zamu, macho mazito. Alimshika Shangazi kiganja, akakibinya kwa upole kwenye vifundo vya vidole, Shangazi akaruka. Usingizi ulimtoka daktari palepale. Alibonyeza kifundo kimoja kimoja, akahamia viwiko, magoti, vidole vya miguu, upande huu na upande ule, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza pale: "Asubuhi inachukua muda gani mpaka mikono ifunguke?"

Hakutaka kuhadithiwa. Alituketisha kwenye benchi lililokuwa nje ya chumba chake, na zamu yake ikiwa imekwisha alibaki, anatoka kila baada ya muda kumwambia Shangazi afumbe ngumi. Ngumi haikufumba. Tulikunywa chai, haikufumba. Jua lilipanda kweli kweli ndipo vidole vikaanza kusikia.

"Kwa nini hamkumleta hivi siku zote?" aliuliza.

Kasimu, kwa heshima ya wakwe, aliinamia kikombe chake cha chai. Mimi, mtoto, nilimweleza: jua, kivuli, shamba. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Basi hapa tulikuwa tunamtibu mtu mwingine," alisema.

Aliwaandikia waende hospitali kubwa ya Mwanza, na huko, baada ya damu na picha za mikono, ugonjwa ukapata jina. Baridi yabisi. Jina tulikuwa nalo siku zote, tulidhani ni la wazee na la masika. Hii, walimwambia, ni ile ya aina nyingine, haingoji uzee. Kinga ya mwili inayapiga maungo yake yenyewe.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi mwenyewe?" Shangazi alimuuliza daktari wa Mwanza.

"Hapana, mama. Ni askari wako wamepotea njia."

"Basi waambie vita haiko huku. Huku kuna nywele za watu."

Alianzishiwa vidonge vya mara moja kwa wiki, akaambiwa arudi kupimwa damu na ini, na arudi tena, na tena. Miezi ikapita, akawa anaamka na kufumba ngumi kabla chai haijachemka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena. Vilikuwa vimesubiri jua muda mrefu mno. Bibi alimsikia alfajiri moja akitwanga uani, akakaa kitandani akisikiliza. "Wamemwachia," alisema. Na siku Shangazi alipopanda basi kurudi kwa mumewe alisema, "Amefuata kivuli chake." Vidonge hakuvipa hata chembe ya shukrani.

Ningependa kuishia hapo. Watu wengi wanaohadithia mambo ya aina hii huishia hapo: giza, kisha daktari, kisha mwanga. Lakini neno la Bibi lilikuwa limefika Sikonge zamani. Wanawake waliacha kumsaidia Mama Kasimu kwenye bani la kukaushia tumbaku. Watoto walivuka njia wakimwona. Mjane mwenye jina la mchawi, huku kwetu, hasengenywi tu; jina hilo limewahi kutoa roho za watu. Shangazi alizunguka nyumba hadi nyumba akieleza kwamba ni ugonjwa, una jina, una dawa, mama hahusiki. Walimjibu, "Sawa, dada." Kisha wakaulizana akishaondoka: kama si yule mama, mbona haponi? Mbona kila wiki ni kidonge, kila msimu ni kupimwa? Huo ndio ubaya wa ugonjwa unaodhibitiwa bila kwisha. Kwa daktari kila kipimo kizuri kilikuwa ushindi. Kwa majirani kila safari ya kliniki ilikuwa ushahidi kwamba yule mama bado anamshikilia.

Siku hizi mimi ndiye ninayempeleka Shangazi kliniki. Kliniki huanza asubuhi. Daktari kijana humbonyeza kifundo kimoja kimoja, "Hapa? Na hapa?", anasoma majibu ya maabara, anaongeza dawa au anapunguza. Nikimtazama namkumbuka Bibi, aliyemkagua mtu wake kila siku ya Mungu kwa uangalifu ambao sijauona tena. Tofauti ni kwamba huyu, dawa isipofanya kazi, husema, "Basi tulikosea, tujaribu nyingine." Bibi majivu yalipokosa nyayo aliwapandisha wachawi angani. Na sijifanyi kwamba hayo ni ya Bibi peke yake. Ninafanya kazi na watu wenye shahada mbili ambao mguu ukivimba huuliza umekanyaga nini.

Mama Kasimu alifariki nikiwa mtu mzima. Nilikwenda Sikonge. Waombolezaji walikuwa wachache, na wanawake waliokuja walikaa mbali, karibu na njia. Wa kumwosha hakupatikana. Ilikuwa asubuhi na mapema, Shangazi mikono yake bado migumu. Alichovya viganja kwenye maji ya uvuguvugu, akakaa kitako, akangoja. "Subiri kidogo, mwanangu," aliniambia, "vifunguke." Vilipofunguka alikunja mikono ya gauni, nami nikashika kata.

Nilimwagia maji huku nikifikiri kwamba ugonjwa wa Shangazi ulipata jina lake kwa sababu mtu mmoja mwenye aibu aliuliza saa ngapi. Mama huyu hakupata wa kumuulizia lolote. Bibi alimpenda binti yake. Ni upendo huo uliolima jina hili na kulipalilia. Watu huniuliza kama nimemsamehe Bibi. Siwajibu. Mwenye haki ya kusamehe tulikuwa naye asubuhi ile, Shangazi na mimi, tunamgeuza taratibu ubavu wa kulia, kisha wa kushoto.