Maegesho Hayahesabiwi

Mkaguzi alitokea chini ya ardhi.

Bosi wetu alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa tangu asubuhi, suti mpya, shada la maua mkononi, akingoja gari la mgeni. Mara lifti ikafunguka nyuma yake. Akatoka mama wa makamo mwenye kofia ngumu ya baiskeli, macho mekundu, anakohoa mpaka ameinama.

Mimi ndiye niliyekuwa mpokezi wa jengo lile. Niliyaona yote, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza.

Jengo letu lilikuwa linatafuta cheti cha kijani, kile wanachopewa majengo yanayotunza mazingira. Bosi wetu, meneja wa jengo, alikitaka kwa udi na uvumba. Kila kona akajaza maua, mpaka tukambatiza jina, Bwana Majani.

Chini ya jengo kuna maegesho ya magari. Kule chini kabisa kulikuwa na kibanda cha vioo, na ndani yake alikaa mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwetu, tunamwita Kitinda. Anapokea tiketi, anafungua kizuizi, gari linapita. Kazi ile nilimtafutia mimi.

Siku moja feni za kutoa moshi zikanyamaza.

Nikadhani zimeharibika. Nikamfuata fundi umeme.

"Hazijaharibika, dada. Nimeambiwa nizizime."

"Na nani?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye ofisi ya Bwana Majani.

Haukupita muda, Kitinda akaanza kukohoa. Nguo zake zinanuka moshi hata zikitoka kwenye kamba. Akipanda ngazi za nyumbani anasimama katikati, ameshika ukuta, msichana mdogo vile! Daktari alipomsikiliza kifua akanigeukia mimi.

"Huyu analala jikoni kwenye kuni?"

Kesho yake niliingia kwa Bwana Majani bila hodi.

"Bosi, washa feni. Mdogo wangu anaumia."

"Dada, kaa kwanza," akasema taratibu. "Kwenye cheti, maegesho hayahesabiwi. Wanaangalia ofisi, korido, vyoo. Lakini umeme wa zile feni unapita kwenye mita ya jengo, na huo wanauhesabu. Nikiziwasha tunaonekana walaji wa umeme."

"Kwa hiyo moshi hauhesabiwi, ila feni inahesabiwa?"

"Umeelewa haraka," akasema, meno yote nje.

Jamani! Nilishuka ngazi. Na pale kaunta kwangu nikamkuta mtu ameajiriwa kufuta vumbi kwenye majani ya mti uliopandwa kwenye chungu. Anafuta jani moja moja, kwa kitambaa laini.

"Acha hiyo kazi," nikamwambia Kitinda.

"Niache niende wapi, dada? Masomo ya jioni nitayalipia na nini? Cheti kikipatikana watawasha."

Nikamwacha aende kazini, maana mshahara wangu naujua.

Sasa, Bwana Majani naye alijipalia makaa. Cheti kinatoa alama kwa jengo lenye sehemu ya kufungia baiskeli. Yeye hakutaka baiskeli zimharibie mandhari ya mlangoni, akaweka vyuma vya kufungia kule chini kabisa, mbele ya kibanda cha Kitinda. Akapiga picha, akazituma, akasahau. Hakuna aliyewahi kuvitumia.

Kumbe mkaguzi wa cheti anatembea kwa baiskeli. Akaziona picha, akafurahi, siku ya ukaguzi akateremka moja kwa moja hadi chini, saa ambayo magari yote yanaingia. Alipomaliza kufunga baiskeli alikuwa hawezi hata kusema. Kitinda ndiye aliyemkalisha kwenye kiti chake, akampa maji, na akamwambia ukweli wote kuhusu feni.

Ndiyo maana alitoka kwenye lifti vile.

Bwana Majani alibaki na shada lake. "Mama, pole! Lakini kule si sehemu ya ukaguzi. Maegesho hayahesa..."

"Najua kanuni zangu," mama akamkata. "Eneo la magari halihesabiwi, ni kweli. Lakini popote mtu anapofanyia kazi, hewa yake inahesabiwa. Kule chini kuna binti. Rekebisha hewa yake, nitarudi."

Nilitamani kuruka kaunta nimkumbatie. Bwana Majani alinywea, shada likaning'inia. Fundi umeme alinikonyeza kutoka kwenye ngazi. Jioni ile mimi na Kitinda tulicheka njia nzima, yeye anacheka huku anakohoa.

Wiki iliyofuata Bwana Majani alimwita Kitinda ofisini. Akamshukuru kwa utumishi wake mwema. Akamwambia kibanda kinaondolewa, inawekwa mashine ya tiketi.

Basi.

Hewa ikawa imerekebishwa, maana hakuna tena wa kuivuta.

Mkaguzi aliporudi nilimngoja kaunta. Sikumsalimia.

"Mama, yule binti aliyekupa maji yuko wapi?"

Akavua kofia yake, akaangalia sakafu. "Nimeuliza, mwanangu. Nimeandika hata barua. Lakini kanuni inamwangalia mtu aliyepo. Haimuulizi aliyeondolewa."

Cheti kikatoka. Wakakitundika ukutani nyuma ya kiti changu, ndani ya fremu, kikiwa na picha ya jani.

Nilivumilia siku chache. Kisha nikateremka kule chini kuchukua sweta ya Kitinda aliyoisahau, na hata kabla sijafika nikasikia mngurumo. Hewa safi ikanipiga usoni.

Feni zilikuwa zinazunguka. Zote!

Fundi umeme alikuwa amesimama kando ya mashine ya tiketi, hataki kunitazama.

"Fundi, nani kawasha?"

"Dada, samahani," akasema polepole. "Ni mashine. Waliotuuzia wamesema joto na moshi vitaiua, na ikifa hawatatupa nyingine. Bosi ameamuru feni zisizimwe hata dakika moja."

Nilimtazama, nikaitazama ile mashine. Nililia kwa hasira, sikuona aibu. Kisha nikapanda juu, nikaweka funguo za kaunta juu ya meza ya Bwana Majani, nikaondoka.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mimi nimejifunza hili. Ukiambiwa mahali fulani hapahesabiwi, usiulize kanuni inasemaje. Uliza nani anakaa pale.

Nilipofika nyumbani Kitinda alikuwa amekaa kitandani na dawa yake ya kuvuta. Nikampa sweta. Akainusa, akakunja uso.

"Dada, walishawasha feni?"

Nikamwambia bado.