Waridi Lililonyolewa Kila Jumatatu

"Baba mdogo, kwa nini unalinyoa waridi?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, wote wakikaa nyumba moja, yuko darasa la tatu, kipande cha mkate mkononi, macho kayatoa. Aliyeulizwa alikuwa kinyozi, mtaa mzima ukimwita Rula kwa jinsi alivyochonga mstari wa paji la uso ukanyooka. Alikuwa uani na mkasi wa dukani, akipunguza machipukizi ya waridi jekundu la kutambaa, kidogo kidogo, kama anasawazisha kisogo cha mteja.

"Kamalize chai yako," akasema.

Waridi lile alilipanda mkewe. Ndiye aliyemwamuru Rula apige misumari ukutani na kufunga waya, ndiye aliyeyalaza matawi ubavu na kuyafunga kwa vipande vya vile vitambaa wanavyofungiwa wateja shingoni, vilivyochakaa. "Tawi likisimama wima linaringa, linatoa ua kileleni tu," alikuwa akisema. "Lilaze, litachanua mwili mzima. Na usilikate ovyo, maua yanatoka kwenye tawi la zamani." Kisha akaugua, akafa, na Rula akarudi dukani, chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo.

Hakulia. Watu walimsubiri alie, wakachoka, wakaenda makwao. Si kwamba alijizuia. Kilio hakikuja tu. Alikula alichowekewa, asijue kama kina chumvi. Zamani mdomo wake haukuwa na breki, mtu alikuja kunyolewa ndevu akaondoka na habari za mtaa mzima. Sasa alikuwa ananyoa, basi.

"Rula," fundi viatu, mteja wake wa tangu na tangu, alimtania akiwa kitini, "siku hizi ukininyoa nasikia nywele zikianguka. Hebu nipe hata uongo mmoja!"

"Inamisha kichwa," Rula akasema.

Jumatatu duka lilikuwa halifunguliwi. Mkono ulikosa kazi, ukachukua mkasi, ukaenda uani. Kila chipukizi lilikatwa. Waridi likabaki la kijani, la mraba, kama limepigwa denge. Mwaka ukaisha bila ua. Ikaisha miaka.

Binti alipofika kidato cha tatu, mama yake alikuwa ameshachoka na miiba inayochana nguo kwenye kamba.

"Shemeji," alisema akimmiminia Rula chai, "ule ukuta nautaka kwa tangi la maji. Miiba tele, ua hata moja hakuna. Mvua zikianza fundi anakuja kuling'oa. Unasemaje?"

Rula alijipapasa ndani, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, aone kama kuna panapouma. Hapakuuma.

"Ling'oeni."

"Weee!" Binti akatua kikombe. "Waridi la mama mdogo? Mama, niachie mpaka mvua. Likitoa ua, linabaki."

"Na lisipotoa?"

"Nitaling'oa mwenyewe."

Jumatatu iliyofuata Rula aliutafuta mkasi, hakuuona. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nimeuficha. Ukitaka kunichapa nichape, lakini hupiti. Baba mdogo, waridi la kutambaa halikatwi kila wiki! Mwalimu wa kilimo kasema."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama yako mdogo alinifundisha kabla huyo mwalimu wako hajaota hata ndevu."

Rula akaingiza mkono mfukoni, akarudi kuketi. Jumanne aliukuta mkasi mezani dukani, na Jumatatu nyingine ukapotea tena.

Machipukizi yakarefuka, yakatimka kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Binti akayalaza ubavu na kuyafunga, akichanika mikono, akitukana chinichini mama yake asisikie. Rula alikuwa akipita na ndoo, anaangalia, anapita. Siku moja akasimama.

"Hapo umelibana mno," akasema, akalegeza fundo, akaenda zake.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Fundi wa tangi akaja, akapima ukuta, akasema kesho kutwa. Kesho yake asubuhi sauti ikatoka uani:

"Baba mdogo! Njoo uone!"

Fundi viatu alikuwa kitini, ndevu zimenyolewa shavu moja. Rula akatoka na wembe mkononi, fundi viatu nyuma yake, povu shavuni. Katikati ya ukuta palikuwa na ua moja jekundu, halijafunguka lote. Pembeni yake matumba, mengi.

Rula aligeukia mlango wa jikoni, akavuta pumzi ya kuita. Pale mlangoni alikuwa amesimama shemeji yake tu.

"Tangi litakaa upande wa choo," shemeji akasema taratibu.

Rula hakumsikia. Alikuwa anapangusa wembe kwa taulo la begani, huku na huku, na ulikuwa umeshatakata.

"Baba mdogo?"

"Uliniuliza mwaka ule kwa nini nalinyoa," akasema. "Lingechanua, ningemwita nani aje aone?"